Sayansi ya Kompyuta au Teknolojia ya Habari (IT): jinsi ya kuamua kabla lango la KUCCPS halijafungwa

Kila mwaka matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakishatoka, na KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, likisubiri maombi, kibaraza changu hapa Migosi, Kisumu, hupata wageni. Huja kijana ameshika simu, nyuma yake mama au shangazi, na swali huwa ni lile lile: "Mwalimu, nijaze Sayansi ya Kompyuta au IT?" Nimefundisha somo la kompyuta katika shule za upili kwa miaka mingi, na swali hilo silijibu kwa neno moja. Mgeni wangu hurudi nyumbani na daftari tupu na kazi ya wiki mbili.

Nitaieleza kazi hiyo hapa, hatua kwa hatua, ili hata aliye Siaya, Bungoma, Kericho au Njoro aifanye bila kulipa nauli ya kuja Kisumu.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa mtoto wa kufungua redio. Betri ikiisha nguvu aliianika juani, waya ukikatika aliuunga kwa moto wa mshumaa. Alipomaliza kidato cha nne, watu wa nyumbani wakamwambia Sayansi ya Kompyuta ndiyo kozi kubwa, IT ni ya walioshindwa. Akaijaza. Mwaka wa kwanza alirudia mtihani wa hisabati ya diskreti, yaani hesabu ya mantiki na vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, mwaka wa pili akarudia mwingine. Alimaliza, lakini kwa miaka minne sikumsikia akisimulia kwa furaha kitu hata kimoja alichofundishwa. Leo ana cheti cha mitandao, anavuta nyaya za faiba huko Kakamega, na ukimpigia simu jioni atakusimulia siku yake yote kabla hujamuuliza. Angeweza kuianza furaha hiyo akiwa na miaka kumi na tisa.

Hatua ya 1: Elewa kwanza kozi hizi zinaachana wapi

Chukua mwendesha boda wa hapa Kisumu aliyepewa vifurushi vitano: Kondele, Mamboleo, Nyamasaria, Dunga na Otonglo. Aanzie wapi, amalizie wapi, ili petroli isiteketee bure? Vituo vitano vinaweza kufuatana kwa namna 120. Vikiwa kumi, namna hizo zinafika 3,628,800. Vikiwa ishirini, kompyuta inayojaribu namna bilioni moja kwa kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 70 kuzimaliza. Basi lazima itafutwe akili nyingine: njia ya kupata jibu zuri bila kujaribu kila kitu, na njia ya kuthibitisha kwamba jibu hilo ni zuri kweli. Hapo ndipo Sayansi ya Kompyuta inapoishi. Kompyuta yenyewe ni chombo tu. Kinachosomwa ni hesabu ya kutatua matatizo, mipaka ya hesabu hiyo, na namna ya kuiandika mashine ikaielewa.

Sasa tuseme programu ya kupanga safari za boda imeshaandikwa. Simu za waendeshaji arobaini ziunganishwe na seva. Malipo ya M-Pesa yaingie kwenye hifadhidata bila hata moja kupotea. Stima ikikatika Kondele, ofisi isisimame. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi jana asiweze kuingia kwenye mfumo leo. Nakala za data ziwekwe mahali pengine ili ofisi ikishika moto biashara isife nayo. Na yule dada wa mapokezi aliyezoea kitabu cha karatasi afundishwe mpaka auamini mfumo. Hiyo ni IT, Teknolojia ya Habari. Ni taaluma ya kuifanya teknolojia iwahudumie watu mahali fulani, kila siku, bila kuwaangusha.

Kwa hiyo wale wanaosema IT ni Sayansi ya Kompyuta iliyotiwa maji wanawapotosha watoto. Mwaka 2005 vyama vya kimataifa vya wanataaluma wa kompyuta, vikiwemo ACM na IEEE Computer Society, vilitoa mwongozo wa mitaala uliotaja taaluma tano: uhandisi wa kompyuta, sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari, teknolojia ya habari na uhandisi wa programu. Zimewekwa bega kwa bega, kila moja na kazi yake.

Tena mpaka kati yake unavukwa kila siku. Mwaka 1970 Edgar Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM, aliandika jinsi data inavyoweza kupangwa katika majedwali yanayohusiana. Ilikuwa kazi ya nadharia. Leo mwanafunzi wa IT anayaendesha majedwali ya namna hiyo kwa lugha ya SQL kwenye SACCO, hospitali na ofisi za kaunti. Mmoja aliwaza, mwingine anaendesha, na wote wawili wanahitajika.

Hatua ya 2: Usisome jina la kozi, soma yuniti zake

Tafuta orodha ya yuniti, yaani masomo ya kozi, za miaka yote minne. Vyuo vingi huiweka kwenye tovuti ya idara. Usipoipata, piga simu ofisi ya idara au mtafute komredi, yaani mwanafunzi wa chuo, aliye mwaka wa tatu, akutumie picha. Orodha hiyo ina thamani kuliko ushauri wa majirani kumi.

Kwenye Sayansi ya Kompyuta utakutana na hisabati ya diskreti, kalkulasi, aljebra ya vekta na matriki, uwezekano na takwimu, miundo ya data, uchanganuzi wa algoriti (hatua za kutatua tatizo), nadharia ya ukokotozi, usanifu wa kompyuta, mifumo endeshi, ujenzi wa vikusanyaji vya lugha za programu (compiler), na akili unde (AI). Kwenye IT utakutana na mitandao, usimamizi wa seva, hifadhidata, usalama wa mifumo, utengenezaji wa tovuti, uchambuzi wa mahitaji ya mtumiaji, usimamizi wa miradi, na sheria na maadili ya data. Programu utaandika kote kuwili. Hesabu pia iko kote kuwili. Anayekimbilia IT akidhani hakuna hesabu atashtuka mapema, maana kugawa anwani za mtandao peke yake kunataka ujue namba za mfumo wa mbili, yaani sufuri na moja, kama ujuavyo kuhesabu chenji.

Chukua kalamu mbili. Kwa kijani, weka alama yuniti ambazo ungezisoma hata kama hazina mtihani. Kwa nyekundu, zile ambazo kuziona tu kunakuchosha. Usihesabu bado. Weka karatasi pembeni.

Hapa lazima niseme kuhusu majina, kwa sababu huku kwetu magharibi yamewaponza wengi. Chuo Kikuu cha Maseno kina shahada nyingi zinazobeba mkia wa "pamoja na IT". Shahada ya aina hiyo ni ya somo lililotangulia, na IT imeongezwa kama ujuzi wa pili. Kuna pia Sayansi ya Habari, ambayo hufundishwa Chuo Kikuu cha Moi: hiyo inahusu maktaba, kumbukumbu, nyaraka na uchapishaji. Ni taaluma ya heshima kabisa, lakini kijana aliyeichagua akidhani ni IT atajikuta darasani haelewi amefikaje. Na ukivutiwa na uchunguzi wa uhalifu wa mtandaoni, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga pale Bondo kina shahada ya usalama wa kompyuta na uchunguzi wa kidijitali, ambayo si Sayansi ya Kompyuta wala si IT moja kwa moja. Jina lisome lote, hadi herufi ya mwisho.

Hatua ya 3: Wiki mbili na daftari

Hii ndiyo hatua yenyewe. Zingine zote unaweza kuzifanya kwa siku moja, hii haina mkato.

Ligawe daftari mara mbili. Kila siku andika saa uliyoanza, saa uliyoacha, mahali ulipokwama, na ulichofanya ulipokwama. Hilo la mwisho ndilo nitakaloliuliza kwanza ukija kwangu.

Wiki ya kwanza ni ya Sayansi ya Kompyuta. Siku ya kwanza usiguse mashine. Tuseme mwalimu ana orodha ya wanafunzi 1,000 iliyopangwa kwa alfabeti, nawe unatafuta jina moja. Ukianzia juu, huenda ukayasoma yote 1,000. Lakini ukiangalia jina la katikati, ukajiuliza kama unalotafuta liko kabla yake au baada yake, ukaitupa nusu isiyohusika, kisha ukarudia vivyo hivyo kwa nusu iliyobaki, hutaangalia zaidi ya mara 10. Kaa na jambo hilo jioni nzima. Kwa nini 10? Majina yakiwa milioni moja, itakuwa mara ngapi? Jibu ni 20, lakini usiliamini mpaka ulifikie mwenyewe kwa kalamu. Na orodha isipopangwa, mbinu hii inavunjika wapi?

Kuanzia siku ya pili, andika programu. Laptopu si lazima. Simu ya Android inatosha, kwa sababu kuna programu iitwayo Pydroid 3 inayoendesha lugha ya Python humo humo kwenye simu. Mwenye bando la kutosha afuate mihadhara ya mwanzo ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, ambayo hutolewa bure mtandaoni. Kisha jipe kazi tatu. Ya kwanza: programu inayopokea gredi za masomo saba na kutoa jumla ya pointi. Ya pili: ile mbinu ya kutafuta jina kwa kukata orodha nusu kwa nusu. Ya tatu: programu inayochapisha namna zote 120 za kupanga vile vituo vitano vya boda. Ya tatu ni ngumu kwa anayeanza, na nimeiweka makusudi. Usiitafute jibu lake mtandaoni kwa siku mbili za kwanza.

Programu itakataa. Itakataa saa tatu usiku ukiwa umechoka, itakuonyesha mstari wenye kosa ambao wewe huoni kosa lake. Wapo wanaofunga simu na kuiacha hapo. Wapo wanaolala nalo kichwani, wakaamka alfajiri wakijua ni nini. Kama wewe ni wa pili, na kama ulipoziona namna 120 zikishuka kwenye kioo ulitaka kumwamsha mtu umwonyeshe, andika hivyo daftarini. Hata kama hukuimaliza ile ya tatu, sitakuhukumu kwa hilo. Nitakuuliza kama uliirudia, na mara ngapi.

Wiki ya pili ni ya IT. Nenda kwa mwenye saiba (duka la kompyuta na intaneti) wa mtaani kwenu, au kwa fundi anayehudumia maabara ya shule, umwombe kwa adabu ukae naye siku tano, ufagie, ushike kebo, uangalie. Wengi hukubali.

Mwombe akufundishe kubana kichwa cha kebo ya mtandao. Ndani mna nyuzi nane, na mpangilio unaotumika sana, T568B, huenda hivi kutoka kushoto ukiwa umeelekeza kishikizo chini: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, bluu, nyeupe yenye bluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Ukikosea mmoja, unakata na kuanza upya. Uliza pia kwa nini kebo hiyo ya shaba haitakiwi kuzidi mita 100 kabla haijafika kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao.

Siku nyingine kompyuta moja itakataa intaneti, nawe ukitazama anwani yake ukute inaanza na 169.254. Maana yake mashine iliomba anwani kwenye mtandao, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Sasa ufuatilie: kebo imechomoka? Swichi imezimwa? Rauta imegawa anwani zote zikaisha? Au ni kadi ya mtandao ya mashine hiyo? Unaanza na lililo rahisi, unaondoa sababu moja baada ya nyingine. Mdogo wangu huniambia kazi hii inamkumbusha redio za utotoni. Mwenye laptopu anaweza kuendelea nyumbani kwa programu ya Packet Tracer, ambayo Cisco huitoa bure kwa wanaojisajili kwenye masomo yake ya mitandao. Humo utajenga mtandao wa ofisi nzima bila kununua hata kebo moja.

Lakini usiyaone mashine peke yake. Atakuja mzee anayetaka kujaza ritani ya kodi ya KRA, amesahau nenosiri, na barua pepe aliyojisajili nayo ni ya mtoto wake aliye Nairobi. Utamweleza mara tatu. Foleni itafika mlangoni. Jioni andika ulijisikiaje: ulimwona mzee kama kizuizi kati yako na kompyuta, au ulifurahi alipoondoka na risiti yake mkononi? Kazi ya IT ni ya watu kama ilivyo ya vifaa. Hospitalini, shuleni, kwenye ofisi ya kaunti, wewe ndiye utakayeitwa mfumo ukigoma, na atakayekuita huenda amekasirika.

Mwisho wa wiki mbili fungua daftari. Msichana mmoja wa Mamboleo alikuja kwangu na hakika yake kwamba anataka IT kwa sababu anaogopa hesabu. Alirudi na kurasa 31 za wiki ya kwanza na kurasa nne za wiki ya pili. Nilimgeuzia daftari alitazame mwenyewe. Alikuwa na B ya hesabu, na woga wake haukuwa wa hesabu, ulikuwa wa mwalimu mmoja aliyemdharau kidato cha pili. Kijana wa Ahero ilimwendea kinyume: wiki ya kwanza aliandika siku mbili akaacha, wiki ya pili mwenye saiba alimwachia funguo. Kurasa zikilingana, rudi kwenye ile karatasi ya kijani na nyekundu, sasa hesabu. Na zote zikiwa tupu, usijilaumu. Inawezekana kabisa moyo wako uko kwenye udaktari wa mifugo au uhasibu, na ni afadhali umejua sasa.

Hatua ya 4: Linganisha na pointi zako

Wageni wengi huanza na hatua hii, nami huwarudisha nyuma. Pointi zinakuonyesha mlango upi uko wazi, lakini hazijui unachokipenda.

Shahada inahitaji wastani wa C+ kwenda juu, yaani pointi 46 kati ya 84. Baada ya hapo kuna masomo ya klasta, yaani masomo manne yanayohusiana na kozi unayoomba. Kwa kozi za kompyuta, hesabu na fizikia ndizo nguzo, kisha unaongezewa masomo mengine mawili yako mazuri kwenye makundi yaliyotajwa. Vyuo vingi hutaka C+ ya hesabu na ya fizikia kwa Sayansi ya Kompyuta. Kwa IT baadhi hulegeza kidogo, kwa hiyo soma masharti ya kila kozi kwenye kila chuo.

Makadirio ya alama za klasta unaweza kuyafanya kwa kalamu. Jumlisha pointi za masomo manne ya klasta, gawanya kwa 48. Chukua jumla ya pointi zako, gawanya kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili chake, kisha zidisha kwa 48. Mwenye pointi 34 za klasta na jumla ya 60, yaani B, atapata takriban 34.1. Haya ni makadirio tu. Namba itakayotumika ni ile unayoiona ukiingia kwenye akaunti yako ya KUCCPS, na mara nyingi inatofautiana na hesabu ya nyumbani.

Pembeni ya kila kozi utaona alama alizokuwa nazo wa mwisho kuchukuliwa miaka iliyopita. Hizo hupanda na kushuka kila mwaka kulingana na walioomba. Ukiwa juu yake kwa mbali, jaza kwa amani. Ukiwa juu yake kwa nukta kadhaa tu, hakikisha chaguo linalofuata ni chuo kinachofundisha kozi ile ile kwa alama za chini. Kosa ninaloliona kila msimu ni kijana kuweka Sayansi ya Kompyuta ya vyuo vinavyogombaniwa pekee, kisha chaguo la mwisho akatupia kozi yoyote ili ajaze nafasi. Hiyo ya kutupia ndiyo humpata. Usiandike kozi usiyoweza kuisoma miaka minne.

Usipolijua jina la chuo, usikidharau. Eneo hili lina Maseno, Masinde Muliro pale Kakamega, Kibabii Bungoma, Jaramogi Oginga Odinga Bondo, Egerton pale Njoro, na Kabarak ya binafsi huko Nakuru. Kabla hujalipa chochote, hasa kwenye chuo cha binafsi, hakikisha kozi yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Muulize komredi aliye huko maswali mawili: mnaingia maabara mara ngapi kwa wiki, na mwaka wa tatu mlipata wapi atachimenti, yaani mafunzo ya kazini.

Hatua ya 5: Kama hukufika C+

Mlango uko wazi, na upande huu wetu una vyuo vya kutosha. Mwenye C- anaweza kusoma stashahada. Kisumu National Polytechnic, Sigalagala kule Kakamega, na Rift Valley National Polytechnic (zamani RVIST) mjini Nakuru ni miongoni mwa vinavyojulikana. Chini ya mfumo wa mafunzo ya umahiri, kiwango cha 6 ni stashahada na cha 5 ni cheti. Kwa mtu wa IT njia hii ina faida moja ambayo wazazi hawaambiwi: mikono inazoea kazi mapema, na anayetaka shahada anaweza kuiendea baadaye akiwa tayari anajua kubana kebo na kupandisha seva. Kwa mtu wa Sayansi ya Kompyuta safari ni ndefu zaidi, kwa sababu hesabu zile huwezi kuziruka, lakini wapo walioifika.

Kwa wanaotaka kuandika programu na hawana subira na madarasa, hapa Kisumu kuna Zone01, ambako wanafunzi hujifunza kwa miradi na kukaguana kazi wao kwa wao. Haikupi shahada. Inakupa mazoea ya kuandika programu kila siku, na mchujo wake wa kuingia ni mkali.

Hatua ya 6: Kazi, kwa kifupi

Matangazo mengi ya kazi nchini huandika "Sayansi ya Kompyuta, IT au shahada inayolingana nazo". Mwajiri wa kawaida hatakutoa kwa jina la shahada. Atakuuliza umetengeneza nini, au una cheti gani cha mitandao, kama CCNA. Tofauti huonekana pembeni: anayelenga utafiti, akili unde au masomo ya juu ya hesabu za kompyuta atateseka bila msingi wa Sayansi ya Kompyuta. Anayelenga kusimamia mifumo ya hospitali, benki, shule au kaunti atajikuta nyumbani na IT.

Anayetaka kufundisha kama mimi ajue kwamba TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, inahitaji shahada ya ualimu, au stashahada ya uzamili ya elimu juu ya shahada nyingine, pamoja na C+ katika masomo mawili ya kufundishia. Mwambie mapema, mzazi, ili asije akarudi darasani baada ya miaka minne.

Hatua ya 7: Jaza mwenyewe

Nenosiri la kuanzia la akaunti ya KUCCPS ni namba ya cheti cha kuzaliwa au ya mtihani wa KCPE, na namba hizo watu wengi mtaani wanazijua. Libadilishe siku hiyo hiyo. Ukienda saiba, shika kipanya wewe. Mwenye saiba akusaidie kuchapisha, asikuchagulie. Kila kozi katika kila chuo ina msimbo wake, na kozi mbili za majina yanayofanana zinaweza kukaa mistari miwili kando, kwa hiyo andika misimbo kwenye daftari nyumbani, kisha linganisha tarakimu moja moja kabla hujabonyeza. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kabisa. Kesho yake ingia tena uone kama chaguo zako ziko vile ulivyoziacha. Duru ya marekebisho ikifunguliwa, usibadilishe kitu kwa sababu rafiki amebadilisha.

Kabla hujabonyeza, kaa na anayekulipia karo. Msomee kurasa mbili za daftari, moja ya kila wiki. Msichana yule wa Mamboleo alimsomea mamake, muuza samaki pale Kibuye, ukurasa wa usiku aliofanikisha zile namna 120. Mama hakuelewa neno "algoriti". Alisikia sauti ya mtoto wake, akasema, "Jaza hiyo."

Ukipelekwa kwenye kozi ambayo siyo, bado kuna dirisha la kuhama baada ya nafasi kutangazwa. Liko wazi kwa muda mfupi, na unahitaji kuwa na alama zilizotakiwa na kozi unayohamia mwaka huo huo. Ingia kwenye akaunti siku linapofunguliwa, daftari likiwa mkononi na msimbo ukiwa umeshaandikwa.